Mizani ya Katumba

Miaka thelathini na moja nilipima majani ya chai,
kikapu cha huyu, kikapu cha yule,
jicho kwenye mshale, kalamu sikioni.
Sikuwahi kujiuliza mimi nina uzito gani.

Kisha Atuganile akaenda, mwezi wa nne,
mvua ya Tukuyu ikinyesha kama haijui kuna msiba.
Matanga yakaisha. Viti vya kukodi vikarudi kwa wenyewe.
Nikabaki na sufuria ya watu wawili
na tumbo la nusu mtu.

Presha ikapanda.
Nesi Kissa alinifunga mkono kwa kile kitambaa kinachovimba,
akasoma namba kimya, akaandika kwa wino mwekundu.
"Punguza chumvi, babu. Na usikae peke yako."
Chumvi niliiacha.
Hilo la pili hakunipa vidonge vyake.

Ukungu wa Julai, ule unaomeza hata migomba,
ulimwangusha Tupokigwe kwenye njia ya kisimani.
Nyonga.
Wanawe wako Tunduma, na mizigo ya mpakani hailali.
Nilikwenda siku moja, kwa aibu tu ya ujirani,
na kuni tatu kwapani.

Kesho yake akanisema: kuni mbichi, mzee mzima!
Nikarudi nyumbani nimekasirika,
nikapasua gogo la mlingoti mpaka shati likalowa.
Kufikia Septemba nilikuwa najua
ndizi anazitaka zilizovurugika, maharage yasielee,
na kwamba usiku nyonga humuuma
upande unaotazama mlima.

Siku hiyo nilikuwa na ndoo, napanda kilima,
nikasikia pumzi yangu mwenyewe
kama mtu aniitaye kutoka ng'ambo ya bonde
kwa jina langu la utotoni.

Mwezi wa kumi Nesi Kissa alipima mara mbili.
Akaigonga mashine. "Dozi umeongeza?"
Nikasema sijui. Nikasema labda ni kuni.
Akacheka. Kwenye kadi hakuandika kuni.

Sisemi nimepona. Magoti bado yananisengenya
nikiinuka, na kuna usiku bado napikia wawili.
Lakini juzi mafua yalinilaza, sikutoka,
na kabla jua halijatoboa ukungu
nikasikia mkongojo juu ya mawe: ko, ko,
kimya kirefu, ko.

Tupokigwe, na nyonga yake ile,
kikombe kimefunikwa kwa jani la mgomba.
"Leo zamu yangu," akasema, akakaa bila kukaribishwa.
Uji ulikuwa umeungua.
Nikaunywa wote.