Kipupwe cha Mwaka Ule

Julai ile buti zangu zilining'inia msumarini
kama mbuzi wawili waliochinjwa.
Mlima ulikuwepo palepale, bila mgeni hata mmoja,
na sisi wapagazi tulikuwa tunajifunza kutobeba kitu.

Ndesario ndiye aliyesema, twendeni.
Si getini, getini wanataka kibali;
twende tu ukingoni mwa msitu, juu ya Marangu,
tukanyooshe magoti kabla hayajawa ya wazee.

Mke wangu akauliza: Na ni salama?
Redio ilikuwa na majibu matatu kwa siku.
Nyuma ya pazia mama alikohoa pumu yake,
pumu ya kuni, ya miaka arobaini jikoni,
ambayo mwaka ule tu ndiyo tulianza kuiogopa.

Tukaenda watatu. Ukungu ulishuka hadi migombani.
Elinami alikuja na ufito mrefu:
"Huu ndio umbali. Atakayeupunguza nitamchapa nao."
Tulicheka ndani ya barakoa zilizolowa,
kisha tukazivua,
maana upepo ulitoka barafuni, ukapita katikati yetu,
ukazoa pumzi ya kila mtu
na kwenda kuimwaga huko Kenya.

Nilihesabu hatua nane kati yangu na Ndesario.
Mlimani tulilala kumi na wawili kwenye hema la sita,
tukikoromeana usoni, na hakuna aliyeuliza.

Vidole vilikufa ganzi. Pua zilivuja
(nani asiyevuja pua Julai, kule juu?)
lakini kifua changu, kilichokunjwa tangu Machi
kama turubai lililokunjwa likiwa bichi,
kilifunguka chote.

Hatari haikuwa kule.
Ilitungoja tuliposhuka, na ilinukia vizuri:
nyumba ya Mama Kirita, moto katikati,
mlango umefungwa kuzuia baridi,
watu kumi na tisa bega kwa bega,
na kata moja ya mbege ikizunguka mdomo hadi mdomo.
"Karibuni, mnatetemeka!"
Ndoo ya kunawia ilikuwa mlangoni, koki imekauka.

Ndesario aliingia. Simlaumu.
Kukataa kata ni kumwambia mtu machoni
kwamba unamwogopa yeye, si ugonjwa.
Elinami alibaki kizingitini, ufito mkononi,
mgongo unaloa, uso unaota moto.
Mimi nilitoa kikombe changu cha bati, kile cha safari,
nikasema nimiminieni humu,
nikanywea uani.
Kicheko kilinifuata hadi barabarani:
"Huyu amekuwa mzungu!"

Nyumbani nilizunguka nyuma, hadi dirishani kwa mama.
Umetoka wapi?
Nje.
Nje kwa nani?

Sikujibu. Nilivuta tofali nikakaa,
yeye ndani, mimi kwenye manyunyu,
tukamenya ndizi za jioni,
maganda yakianguka pande mbili za ukuta.
Giza lilipoingia mkono wake ulipenya kwenye nondo
na lile blanketi la bluu linalonuka moshi.
Nikasita kulipokea. Akaona.

"Kesho utalifua," akasema.
"Leo jifunike."