Rangi Matutani

Siku ya kwanza, chumba cha mikutano, ghorofa ya pili.
Feni moja yazunguka, ya pili yatafakari.
Tuko kumi na wanne, matabibu wa zahanati,
Likoni, Changamwe, Mikindani, Kisauni,
na mimi, miaka kumi na tisa ya kuandika "fangasi"
na kumpa mtu malhamu.

Daktari Mghoi atoa kitu ndani ya soksi ya mtoto:
kioo chenye taa, kidogo kuliko kikombe cha kahawa.
"Hiki hakikati," asema. "Hakichomi, hakitoi damu.
Kinaona tu.
Kazi ya kuogopa ni yenu."

Tukatazamana viganja.
Changu, nilichosongea ugali, nilichoshikia kalamu,
kumbe kimelimwa: tuta, mfereji, tuta, mfereji,
na juu ya kila tuta vitundu vya jasho vimepangwa
kama shanga zilizotungwa na mtu asiye na haraka.
Mwakio wa Mikindani akapiga kelele, "Mimi ni shamba!"
tukacheka hadi msimamizi akafungua mlango.

Siku ya pili, picha. Mia mbili, ukutani.
Nyingi ni ngozi za nchi za baridi,
madoa juu ya wekundu wa kamba aliyechemshwa.
"Nazo mzijue," asema Mghoi, "wageni wapo.
Lakini mtu mweusi msimtafute humo.
Mtazameni unyayoni. Kiganjani. Chini ya ukucha.
Pale jua lisipofika
na tabibu haombi kuonyeshwa."
Kisha akaandika ubaoni, chaki ikakatika:

Rangi mferejini, pumua.
Rangi matutani, amka.

Nikamkumbuka Mwamutsi.

Hamali wa maji, mkokoteni wa mitungi ishirini,
toka bomba la Mwembe Tayari hadi vichochoro vya Kibokoni.
Mwaka jana aliinua mguu kando ya meza yangu,
akaomba radhi kwa vumbi.
Doa jeusi kisiginoni, ukubwa wa mbegu ya ukwaju.
"Ni lami," nilimwambia, wala sikuinama.
"Barabara imekupiga muhuri."
Alicheka. Nikamwambia asugue kwa mafuta ya taa.

Miezi kumi na mmoja amesugua.

Siku ya tatu, saa ya chakula, niliiacha pilau ipoe.
Niliazima kioo, na soksi yake,
nikamkuta Mwamutsi kwenye foleni ya bomba.
"Kaa hapo kwenye mkokoteni. Vua akala."
Wenzake wakatuzunguka. Mmoja akauliza
kama natafuta msumari.
Nikapiga magoti penye maji yaliyomwagika.
Tone la mafuta. Taa.

Mifereji ilikuwa safi, myeupe, kama haijui lolote.
Na matuta

nikatazama mara ya pili, kama tulivyofundishwa,
na ya tatu, kama hatukufundishwa,
nikiomba niwe nimekosea
kama nilivyokosea mwanzo.

"Waona nini, daktari?"

Ratiba ilikuwa na vipindi kumi na viwili, na chai mara mbili.
Kipindi cha ulimi hakikuwemo.
Nikasema, si lami.
Nikasema, mimi ndiye niliyekosea.
Nikasema, mwisho wake siujui, kioo huona mlango tu,
wa kuingia ndani ni wengine, na wapo,
twende, leo, kabla mwalimu hajafunga mkoba.

Alifuta mafuta kwa pindo la kikoi.
Akavaa akala, taratibu, kamba baada ya kamba.
Akaitazama mitungi.
"Bi Salha wa ghorofa ya tatu ana maulidi.
Anangoja sita."

Nikarudisha kioo ndani ya soksi, soksi nikaitia mfukoni,
nikashika mkono mmoja wa mkokoteni.
"Mzito huo," akasema.
"Vuta," nikasema.