Hesabu Nyuma ya Bahasha

Dola elfu themanini na nne,
kabla ya kodi, kabla ya matairi ya theluji,
kabla ya fundi kutoboa ukuta wa gereji
apitishe waya mnene kama mkono wa mtoto.
Nimeziandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
kwa penseli, zipate kufutika.

Nyumba hii tuliinunua kwa nusu yake.
Ina vyumba vitatu, na haijawahi kutuzimikia njiani.

Ghislain ana miaka sabini na mmoja.
Muuzaji, kijana Maxence, viatu vya ngozi katikati ya Januari,
anasema betri ina dhamana ya miaka minane.
Nikayatazama magoti ya mume wangu
yaliyotoka kiwandani bila dhamana yoyote.

Petroli yetu: mia na themanini kwa mwezi.
Umeme: thelathini labda. Mto wetu ni rahisi,
ulizibwa kabla sijazaliwa na bado unashika zamu za usiku.
Toa, azima kumi, gawanya.
Gari litajilipa
(nilirudia mara mbili)
nitakapotimiza miaka mia moja na kumi na mitano.

Réjean, jirani wa upande wa kulia, anacheka
huku pikapu yake ya dizeli ikikohoa uani tangu alfajiri.
"Huko ni kufa na tai shingoni," anasema.
Deni la pikapu halitaji.

Binti yangu Maude hupiga simu kutoka Montreal:
dunia inaungua, mama.
Najua. Ziwa Kenogami siku hizi linachelewa kuganda,
mwaka jana hatukuthubutu kulikanyaga hadi Krismasi ipite.
Lakini sijaona pepo
inayouzwa kwa mkopo wa miezi themanini na minne.

Ghislain analitaka. Haelezi.
Miaka thelathini na minne alimimina alumini,
ikamchoma vinyweleo vya mikono,
na mitambo ikamla masikio.
Maxence aligonga boneti: "Alumini tupu, bwana."
Ghislain akaweka kiganja pale, akakiacha,
kama mtu aliyekutana na mwenzake wa zamu
na hakumbuki jina.

Jumamosi tukapewa tulijaribu,
mbuzi angalau atoke kwenye gunia.
Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Kioo kiliahidi kilomita mia nne na themanini;
kabla ya kufika Larouche kilikuwa kimekula nusu ya ahadi.
Nikazima hita. Nikavaa glavu juu ya glavu.
Elfu themanini na nne, na vidole vinakufa ganzi!

Sasa hili sikuliandika kwenye bahasha.
Katika gari letu la zamani mimi hupiga kelele:
PINDA KULIA. MAZIWA YAMEKWISHA. DAKTARI NI JUMANNE.
Kwa miaka ishirini sijamwambia mume wangu
neno lisiloweza kupigiwa kelele.
Yapo mengine. Yamekaa tu.

Humu hamkuwa na injini.
Theluji ilisagika chini ya matairi, kama mtu anayetafuna bisi
chumba cha pili.
Nikasema, taratibu, nikiliambia dirisha na si yeye:
"Ghali mno."

Na Ghislain, macho barabarani:
"Nimekusikia."

Bahasha iko mezani, penseli juu yake.
Maxence amepiga simu mara mbili.
Sijui neno lile naliweka upande gani,
wa kutoa au wa kujumlisha,
wala kama kweli lilifika sikioni.
Namjua huyu mwanamume, ni mjanja;
huenda aliisoma midomo yangu kwenye kioo.

Nimeomba tulijaribu tena Jumamosi ijayo.
Nitakaa kiti cha nyuma,
skafu hadi puani,
na nitasema jambo jingine.