Dakika Tano, Panyimur

Petroli haipandi kama moshi wa kuni.
Inashuka. Inatafuta bonde kama maji,
inajilaza tumboni mwa boti, chini ya mbao,
inangoja cheche.

Ndiyo maana nimepiga magoti alfajiri hii,
nimeinua kifuniko, nimeingiza kichwa,
nanusa kama mtu anayeyashuku maziwa ya jana.

Abiria wa Mahagi wameshakaa,
na majerikeni yao, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu.
"Fundi, washa twende! Jua linapanda."
Nawasikia. Feni haiwasikii,
inavuma tu kama nyuki ndani ya debe,
inavuta pumzi chafu ya usiku kutoka chini
na kuitema ziwani.
Dakika moja.

Jana mjomba Ukumu aliziba matundu,
yale mawili ya mbele yenye shingo zilizopinda
kama bata anayejikuna mgongo,
yaliyowekwa ili upepo uingie, wimbi lisiingie.
Kayajaza matambara, eti chumvi ya watu isilowe.
Nimevuta la kwanza: fulana ya kampeni.
La pili nimelijua kwa maua yake.
Gauni langu la darasa la nne.
Nimelikamua, nikalitupia begani.

Mjomba, nilimwambia, boti ni mtu aliyelala:
mfunike mwili, usimfunike pua.
Akasema siijui mvua ya ziwa hili.

Naijua. Nawajua pia mbuzi wa Anyolitho,
wawili, walioingizwa kibandani wasipigwe na baridi,
dirisha limefungwa, mlango umefungwa,
injini inakwenda polepole
na upepo wa nyuma unaurudisha moshi ndani.
Hawakulia. Hata mlio mmoja.
Tulifika ng'ambo tukidhani wamelala.
Tangu siku ile dirisha la kushoto halina kioo.
Nilikitoa mwenyewe kwa bisibisi,
nikamfulia mjomba mashati mwezi mzima.

Dakika ya tatu, au ya nne. Saa yangu imeingia maji.

Thocon anapita ufukweni.
Hana nyusi. Zilikwenda na boti ya bluu,
mwaka ule alipogeuza ufunguo kabla ya kufunua kifuniko.
Hupaka masizi pale zilipokuwa;
leo amesahau upande mmoja.
Ananiona nimeinama. Anainua kidole,
hasemi kitu, anaendelea.

Nanusa tena.
Oili ya zamani, samaki, mbao mbichi kwa mvua.
Ule utamu wa petroli, ule unaokaa nyuma ya ulimi,
haupo.

"Dada fundi, mashine ina mafua?"
anauliza mwenye jogoo, na boti nzima inacheka.
Nami nacheka.
Narudisha kifuniko. Feni naiacha izunguke.
Nashika ufunguo,
na kabla ya kuugeuza, kama kila siku,
nafumba macho.