Nusu Saa

Mwenye nyumba aliniachia funguo, gunia la chakula
na karatasi: Biskoti atembezwe
nusu saa asubuhi, nusu saa jioni.
Nikacheka. Mbwa ana ua wa ekari nzima,
barabarani anatafuta nini?

Siku ya nne ameshafukua mizizi ya mlangilangi,
kiatu changu cha kushoto amekila hadi kisigino,
na usiku kucha anazunguka, anazunguka tangi la maji
kama mtu anayedaiwa.

Basi nikachukua kamba.

Tulishukia Silversands, maji yamekupwa, mchanga mgumu.
Yeye ndiye aliyenivuta.
Watoto wa chuo wakakunja kanzu, wakahamia upande wa pili;
nikafupisha kamba, nikawapa njia, salamu wakaitika.
Kila mvinje alisimama kuunusa
kama msomaji wa magazeti asiye na hela ya kununua.

Jasho likinitiririka shingoni
nikamkumbuka daktari wa sukari:
"Mzee Thoya, nusu saa asubuhi, nusu saa jioni."
Karatasi yake nilifungia tumbaku.

Sasa ni mwezi wa tatu. Mlangilangi umechipua.
Saa kumi na moja na nusu anakuja, kamba mdomoni,
ananikalia mguuni, ananitazama
mpaka nione haya.

Mkanda nimeutoboa tundu jipya, la ndani.
Mshahara uko palepale.
Mke wangu anauliza nani anamtembeza nani.
Simjibu. Natafuta viatu:
kimoja kipya, kimoja cha zamani.