Maneno Yasiyo Hesabu

Tuanze na tusichokijua: sura yake.
Patasi iliyochonga pua ya mwenye shamba
haikufika kwa karani.
Wanasema alizikwa kaskazini mwa kanisa la Skelby,
kivulini, pamoja na wenye madeni.

Tunachokijua kimo katika daftari za bwana wake:
Hamo, karani wa sufu, peni mbili na samaki wa Kwaresima.
Hamo, faini, kwa kuchelewa.
Hamo, faini, kwa kuharibu ngozi ya ndama
kwa maneno yasiyo hesabu.

Hapo hucheka kila nisomapo.
Aliyeandika hivyo alidhani anamshitaki,
kumbe anambatiza.

Mchana alihesabu magunia kwa Kilatini,
akamwitikia bwana kwa Kifaransa.
Usiku, kwa wino wa vifundo vya mwaloni,
alirudi kwenye Kiingereza cha mama yake,
cha kufukuzia bata bukini,
cha kumtukania maksai aliyekwama topeni.
Makarani wenzake: Hamo, nani atunge
kwa lugha inayonuka zizi?
Naye, au ndivyo tupendavyo kusimulia:
Kwani Masihi wenu alizaliwa wapi?

Mwaka wa tauni alimzika Avice Jumanne,
mtoto wa kiume Alhamisi.
Ijumaa akapima sufu. Kondoo hawakuwa na habari.

Shairi lake ni la mwaka ule. Halina malaika.
Lina ndoo iliyosahauliwa kisimani,
mlango unaopigwapigwa na upepo siku tatu
na jirani asiyethubutu kwenda kuufunga.
Lina sakitu ya alfajiri, na mtu mwenye sepetu
anaikanyaga akienda kuchimba,
na mlio ule chini ya kiatu
haukuwa na jina katika lugha zake zote tatu.
Akaubunia: *frinsel*.

Idonea, binti aliyebaki, hakujua kusoma.
Aliyaweka makaratasi ya baba katika sanduku la unga
miaka kumi na minane,
kisha akamwuzia mjalidi kwa bei ya jozi ya viatu.
Tusimlaumu. Ule ulikuwa Februari.

Mjalidi alikuwa na mkasi mzuri.
Kurasa nne zilikwenda kwa mshona glavu, zikawa vipimo vya vidole.
Mbili zilitiwa ndani ya kofia ya askofu, isilegee,
hata kwa miaka kadhaa lugha ya zizi
ilipanda madhabahuni na kuinama
kabla ya mwenye kofia kuinama.
Moja ilibandikwa mgongoni mwa kitabu cha kesi za mipaka.
Hiyo tu ndiyo iliyofika.

Lincoln, ghorofa ya pili, dirisha la kaskazini.
Ruth Garbutt, fundi wa vitabu vikuukuu,
analowesha gundi kwa brashi ya manyoya
na kuibandua kwa kijisu cha mfupa, unywele kwa unywele.
Mistari kumi na tisa. Pembeni panya amekula.
Anasoma polepole, mdomo ukichezacheza,
mpaka mstari wa kumi na nne. Mkono unasimama.

Babu yake, mlima viazisukari,
alikuwa akilitamka neno hilo kila Januari
akifungua mlango wa nyuma, kabla ya chai.
Ruth alidhani ni lake mwenyewe,
kama mluzi wake, kama kikohozi chake.

Akajaza fomu: jani moja, wino wa kahawia, hali mbaya.
Kwenye "maelezo mengine" hakuandika kitu.

Jioni akampigia mama simu.
Babu alilitoa wapi lile neno?
Mama alikuwa anamenya viazi; maji yalisikika.
Neno gani?
Akalitamka.
Hilo? mama akasema. Hilo si neno, mwanangu.
Ndivyo inavyolia tu.