Ganda Changa

Nesi Subilaga aliniandikia nyuma ya karatasi ya dawa,
mwandiko umelala kama nyasi zilizokanyagwa:
usisugue, usichune, usikae juani.
Nikacheka. Usikae juani,
mtu wa Isyonje, muuza viazi kando ya barabara ya Tukuyu,
nikae wapi basi? Mfukoni?

Lakini asidi ilikuwa imekwisha pita.
Ilipita usoni dakika nne, nilizihesabu,
ikiwasha kama upupu uliochanganywa na aibu,
feni ndogo inanipulizia, Julai, Mbeya mjini,
na watu wote nje wamevaa makoti.
Nilikwenda kuondoa ile ramani
iliyokuja na mimba ya Tumpe ikakataa kuzaliwa naye,
mabaka mashavuni, rangi ya chai iliyokolea,
na juu yake makosa yangu mwenyewe:
kopo la mkorogo, la elfu tatu, Mwanjelwa,
mwaka ule nilipotaka kung'aa kwenye harusi ya mdogo wangu.

Siku mbili za kwanza uso ulikaza
kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma.
Nikitaka kucheka, unanikataza.
Nanawa kwa maji vuguvugu, viganja tu, bila dodoki,
taulo naigusisha, siipitishi,
kisha mafuta ya mgando, tabaka jembamba,
mpaka nameremeta kama andazi.
Jikoni nimepigwa marufuku: mvuke, moshi, mafuta yanayoruka.
Lwitiko mume wangu akapika.
Alipika vibaya. Nikala.

Siku ya nne nikaanza kuambuka.
Kwanza pembeni mwa mdomo, kisha kidevu,
vipande vyepesi kama karatasi ya sigara
vinabaki kwenye mto, kwenye kola, ndani ya kikombe.
Tumpe akanitazama sana, akasema,
"Mama, umekuwa kiazi cha kuchemsha."

Hapo ndipo niliposikia.
Maana viazi navijua.
Najua ukivichimba majani yakiwa bado mabichi
ganda linateleza chini ya kidole gumba,
kiazi kinabaki uchi, kinapigwa na upepo, kinakuwa cheusi
kabla lori halijavuka Makambako.
Najua unafyeka majani kwanza,
halafu unaviacha. Wiki mbili. Gizani, udongoni.
Hufanyi kitu, na kutofanya kitu ndiyo kazi.
Mnunuzi akija na fedha mkononi
unamwambia, Bado, ganda halijakomaa.
Nimewaambia hivyo wanaume wenye haraka
miaka kumi na mmoja.

Na mimi mwenyewe, usiku uleule, taa imezimwa,
kucha ilikwenda.
Kipande kimoja tu, chini ya jicho la kushoto,
kilikuwa kimesimama, kinaniita.
Nikakivuta.
Kikaja na jirani yake ambaye hakuwa tayari.

Sasa pana alama pale, ndogo, kama punje ya ulezi.
Subilaga aliitazama, hakunigombeza.
Aliandika tena, usichune,
akapiga mstari chini, akarudia, kalamu ikatoboa karatasi.

Mama Ngwisa akaleta limau na sukari nijisugulie.
Nilimshukuru.
Nikavitia kwenye chai.

Leo ni siku ya kumi na sita.
Umande umeganda juu ya magunia,
na jua la huku juu limetoka, kali bila joto,
linauma kimyakimya kama shemeji.
Nimepaka losheni ya kukinga jua hadi nyuma ya masikio,
nimevaa pama la marehemu baba, pana kama ungo,
mwavuli wa kampuni ya simu nimeufunga kwenye kigingi.
Wateja wanauliza kama nimeokoka.
Nawapimia ndoo zao.

Mmoja anachukua kiazi, anakisugua kwa kidole gumba.
Anakisugua tena.
"Hiki kimekaa," anasema.
"Kimekaa," namjibu,
na upepo wa Uporoto unanipitia shavuni,
shavu ambalo halijawahi kupulizwa na kitu,
linawasha kidogo,
nami mikono yangu nimeiacha ndani ya ndoo.